Ardhi ya Ziwa Nyasa imepimwa. Majibu yake yatafika lini kijijini?

Kila tetemeko linapopita, simu hujaa ujumbe ule ule: Afrika inapasuka. Ilikuwa hivyo Machi 2018, ufa mkubwa ulipofunguka karibu na Mai Mahiu nchini Kenya na kukata barabara ya kwenda Narok. Ikawa hivyo tena mwishoni mwa 2024 na mwanzoni mwa 2025, matetemeko yalipofululiza kwa wiki nyingi katika eneo la Fentale na Awash nchini Ethiopia, na serikali ya huko ikawahamisha makumi ya maelfu ya watu.

Ninyi wasikilizaji wetu wa Kyela, Rungwe, Ludewa na Nyasa mnatuuliza maswali matatu. Kwanza, ni kweli bara linapasuka? Pili, wale wataalamu waliofukia mitambo ardhini miaka ile na kuzunguka ziwani na meli inayopiga mishindo, walikuwa wakitafuta nini? Na tatu, kama walipata kitu, mbona sisi hatujaambiwa?

Tujibu kwa kifupi kabla hatujaeleza. Ndiyo, linapasuka, lakini polepole mno. Wataalamu walikuwa wakitafuta namna bara linavyoachana mpaka likapata pwani mpya. Na majibu yapo, tena mengi yako wazi kwa yeyote. Tatizo ni kwamba yako mahali ambapo mkulima wa Matema hawezi kuyafikia, na kwa lugha asiyoisoma. Hilo la tatu ndilo tunalotaka lijadiliwe.

Linapasuka kwa mwendo wa kucha

Gamba la dunia, yaani tabaka gumu tunalolikanyaga, limegawanyika katika vipande vinavyosogea. Wataalamu huviita mabamba. Afrika yetu inagawanyika katika mabamba mawili makubwa: la Nubia upande wa magharibi na la Somalia upande wa mashariki, na katikati yake kuna vipande vidogo. Mstari wanakoachana ndio Bonde la Ufa. Unaanzia Ethiopia, unashuka Kenya, na kwetu Tanzania una mikono miwili. Mkono wa magharibi ndio unaobeba Ziwa Tanganyika, Ziwa Rukwa na Ziwa Nyasa.

Hapa Nyasa, vipande hivyo vinaachana kwa milimita chache kwa mwaka, hazifiki tano. Kucha ya kidole chako hukua kiasi hicho kwa mwezi mmoja hivi. Kwa hiyo tangu Uhuru wa 1961 hadi leo, upande wa Ludewa na upande wa Karonga vimeachana karibu shubiri moja tu. Anayekuambia kwamba bara litagawanyika mwakani anakudanganya. Ule ufa wa Mai Mahiu wenyewe, wanajiolojia wengi walioufika waliueleza kuwa hasa ni kazi ya mvua kubwa iliyosomba udongo laini wa majivu ya volkano.

Lakini polepole haina maana ya salama. Mnajua mlango wa mbao unavyobana wakati wa masika. Unausukuma, haufunguki. Unaongeza nguvu, bado. Kisha ghafla unaachia, na wewe unaingia ndani kwa kishindo. Mwamba hufanya vivyo hivyo. Pande mbili zinavutana kila siku, lakini mahali zinapokutana zimekwama. Nguvu hujilimbikiza miaka kwa miaka, na siku zikiachia ndipo ardhi hutikisika. Mahali hapo palipokatika tutapaita mpasuko.

Tarehe 13 Disemba 1910, mpasuko mmoja katika eneo la Rukwa uliachia na kuleta tetemeko linalokadiriwa kuwa na ukubwa wa 7.4. Ni miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa kupimwa Afrika katika karne nzima iliyopita, na lilitokea hapa hapa kwetu. Wakati ule watu walikuwa wachache na nyumba nyingi zilikuwa za miti na nyasi. Leo hali ni nyingine.

Bara linavyopata pwani

Watafiti kutoka nchi za mbali wanakuja hapa kwa sababu hapa wanaona mwanzo wa jambo ambalo kwingine wanaliona mwisho tu.

Kila bara lina ukingo wake, mahali nchi kavu inapoishia na sakafu ya bahari kuanza. Ukingo huo haukuwepo tangu mwanzo. Ulizaliwa siku bara moja kubwa lilipopasuka likawa mawili na maji ya bahari yakaingia katikati. Shida ya mwanasayansi ni kwamba kingo nyingi za dunia zilizaliwa zamani sana, na sasa zimefunikwa na mchanga na tope la kilomita kadhaa. Ni kama kutaka kujua mahindi yanavyoota huku umefikishwa kwenye ghala.

Afrika yetu, hata hivyo, ina shamba lenye hatua zote.

Mwisho wa safari uko Lindi na Mtwara. Zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, Madagascar ilikuwa imeungana na bara katika eneo la pwani yetu. Ikaachana nasi, ikateleza kuelekea kusini hadi ilipo leo. Jeraha lililobaki ndilo ukingo wetu wa Bahari ya Hindi. Mito ikamimina humo mchanga na tope kwa mamilioni ya miaka, na gesi asilia ya kusini imenaswa katika matabaka hayo. Songo Songo iligunduliwa 1974, Mnazi Bay 1982, na tangu 2010 ikapatikana gesi nyingi zaidi kwenye kina kirefu cha bahari. Umeme unaoutumia kuchajia simu yako, sehemu yake hutokana na gesi iliyoachwa na kupasuka kwa bara.

Katikati ya safari ni Afar, kaskazini ya Ethiopia. Huko Septemba 2005, eneo la Dabbahu lilipasuka kwa urefu wa kilomita 60 hivi katika wiki chache, na mahali pengine ardhi ilifunguka hadi mita 8. Mwamba ulioyeyuka ulipanda kutoka chini na kujaza nafasi. Sakafu ya bahari huzaliwa kwa njia hiyo, na Bahari ya Shamu ilianza namna hiyo pale Uarabuni ilipoanza kujitenga na Afrika, karibu miaka milioni 30 iliyopita.

Mwanzo wa safari ni Ziwa Nyasa. Hapa bara limeanza kunyooka na kukatika, lakini bado halijaachana. Tena kuna jambo moja linalowavutia sana wataalamu: karibu ziwa lote halina volkano. Volkano ziko kwenye ncha ya kaskazini tu, huko Rungwe, Ngozi na Kyejo. Wao wana fumbo la miaka mingi: bara ni nene na gumu kiasi kwamba nguvu ya kulivuta peke yake inaonekana haitoshi kulikata. Je, ni lazima moto kutoka chini ulilainishe kwanza? Au linaweza kuanza kukatika bila moto? Kwa kuwa Nyasa ina sehemu yenye moto na sehemu isiyo nao, mtu anaweza kuzilinganisha.

Mitambo ile ilikuwa ikifanya nini

Kati ya 2012 na 2016, utafiti uliojulikana kwa kifupi kama SEGMeNT ulifanyika pande zote za kaskazini ya ziwa, Tanzania na Malawi. Ulifadhiliwa na Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, na miongoni mwa walioongoza alikuwa mwanasayansi Donna Shillington, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Columbia. Taasisi za jiolojia za Tanzania na Malawi zilishiriki. Haukuwa wa kwanza. Kenya ilikuwa na mradi wa KRISP tangu 1985, Ethiopia ikawa na wake uliofikia kilele 2003, na miaka ya 1994 na 1995 vipima viliwekwa sehemu nyingi za Tanzania kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Cha pekee katika huu wa Nyasa ni kwamba walipima nchi kavu na ziwa kwa pamoja.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Ukitaka kujua maji yamebaki kiasi gani kwenye pipa bila kulifungua, unaligonga. Palipo na maji panatoa mlio mzito, palipo patupu panatoa mlio mwingine. Ukienda kliniki na mama mjamzito, altrasaundi nayo inapeleka sauti tumboni na kusoma inaporudi. Watafiti waliigonga ardhi na kusikiliza.

Waliigonga kwa njia mbili. Ziwani, meli ilivuta mizinga ya hewa, yaani vyombo vinavyoachia hewa iliyobanwa kwa nguvu ndani ya maji. Ule mshindo ulishuka, ukapenya tope na mwamba, ukarudi na kunaswa na kebo ndefu iliyovutwa nyuma ya meli, na vipima vilivyozamishwa hadi sakafu ya ziwa, na vingine vilivyokuwa nchi kavu.

Njia ya pili haikuhitaji kugonga. Walifukia vipima ardhini, wakaviwekea betri na paneli ya sola, wakaviacha miezi mingi visikilize. Tetemeko linapotokea hata Indonesia au Amerika ya Kusini, mawimbi yake hupita chini ya miguu yetu bila sisi kuhisi. Yakipita kwenye mwamba wa moto huchelewa, yakipita kwenye mwamba baridi hukimbia. Kwa kulinganisha muda yanapofika kila kipima, wataalamu huchora picha ya kilomita nyingi chini. Vipima hivyo hunasa pia matetemeko madogo ya hapa hapa, yale ambayo hata mbwa hashtuki.

Walichokiona

Tutaje mambo matatu ambayo yana maana kwetu.

La kwanza ni la moto. Picha ilionyesha kwamba mwamba wenye joto na uliolainika umejikusanya zaidi chini ya milima ya Rungwe kuliko chini ya ziwa lenyewe. Maana yake, sehemu kubwa ya ziwa imeanza kukatika bila moto mwingi kuonekana juu. Kwa wanasayansi hiyo ni hatua katika lile fumbo lao. Kwetu inaeleza pia kwa nini maji moto yako upande wa Rungwe na Mbeya, na kwa nini kampuni ya serikali ya jotoardhi, TGDC, imeelekeza macho Ngozi na Kiejo-Mbaka.

La pili ni la kina. Matetemeko ya eneo hili hayatokei juu juu tu. Mengine huanzia kilomita 20 hata 30 na zaidi chini. Hilo ni dalili kwamba mwamba wetu bado ni baridi na mgumu hadi chini sana, na mwamba mgumu hubeba nguvu nyingi kabla ya kuachia.

La tatu ndilo zito zaidi, nalo linahusu mipasuko iliyojificha. Ukisimama Matema ukaitazama Milima ya Livingstone inavyoshuka wima hadi majini, unautazama mpasuko mkuu wa upande wetu. Ukuta ule ni matokeo ya matetemeko yasiyo na idadi, kila moja likiinua mlima kidogo na kushusha ziwa kidogo. Watu waliamini hatari yote iko pale. Lakini picha za ziwani zimeonyesha mipasuko mingine mirefu katikati ya bonde, chini ya maji na tope, ambayo nayo iko hai.

Karonga ilishalipia somo hilo. Disemba 2009, mji huo wa Malawi ulio jirani na mpaka wetu wa Kasumulu ulitikiswa na matetemeko manne makubwa ndani ya wiki mbili hivi, la mwisho likiwa na ukubwa wa 6.0. Watu walikufa, maelfu ya nyumba zikaharibika, na familia zikalala nje wakati wa mvua. Wengi walidhani mpasuko mkuu wa milimani ndio ulioachia. Sivyo. Ulioachia ulikuwa mpasuko wa kwenye tambarare, kina chake pungufu ya kilomita 10, ambao kabla ya siku ile hakuna mwanakijiji aliyejua kwamba anaishi juu yake.

Disemba 2014 Karonga ilitikisika tena, safari hii kwa ukubwa wa 5 na kidogo, wakati vipima vya utafiti vikiwa bado ardhini. Satelaiti zilipopima, ikaonekana ardhi imesogea zaidi ya kile ambacho tetemeko la ukubwa ule lingeweza kukisogeza. Sehemu ya mwendo ilitokea kimya kimya, bila mtikisiko.

Sasa fikirini tambarare ya Kyela. Imejengwa na tope na mchanga wa mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Ni ardhi nzuri kwa mpunga na kokoa. Lakini ardhi ya aina hiyo hutikisika kwa nguvu kuliko mwamba, na ikiwa imejaa maji inaweza kugeuka uji wakati wa tetemeko, kama ilivyoonekana Karonga. Hatusemi haya kuwatisha. Tunayasema kwa sababu yanajulikana, na aliye juu ya ardhi hiyo ana haki ya kuyajua.

Je, walikuwa wakitafuta mafuta?

Swali hili ni la haki na halistahili kuchekwa. Mizinga ya hewa na kebo ndefu ndizo kampuni za mafuta hutumia. Na wakati utafiti ukifanyika, ziwa lilikuwa na joto la kisiasa. Malawi ilitoa leseni ya kutafuta mafuta mwaka 2011, Tanzania ikapinga mwaka uliofuata. Malawi husimamia mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890 na kusema maji yote ya upande ule ni yake hadi ufukweni kwetu. Tanzania husema mpaka upite katikati ya ziwa. Rais mstaafu wa Msumbiji, Joaquim Chissano, alipewa kazi ya kuongoza usuluhishi.

Tofauti kati ya kampuni na utafiti wa aina hii haiko kwenye chombo. Iko kwenye kile kinachofanyika baadaye. Kampuni ikipima, picha zake ni mali ya biashara na hubaki kati yake na serikali. Utafiti kama SEGMeNT unalazimishwa na masharti ya mfadhili wake kuweka vipimo wazi: kwa vile vipima vya kufukia, baada ya miaka miwili hivi tangu kazi kwisha, yeyote duniani anaweza kuvichukua bure. Ni kweli pia kwamba kikiwa wazi kwa wote, kampuni nayo inaweza kukisoma. Hilo tusilifiche. Lakini mbele ya jambo lililo wazi, hata mwanafunzi wa Mbeya au Mzuzu anasimama sawa na kampuni.

Kuna jingine tunaloliona la maana katika ushirika huu. Viongozi walikuwa hawajakubaliana mstari upite wapi, lakini vipima vilikaa pande zote mbili na kusikiliza ardhi moja. Isingewezekana vinginevyo. Huwezi kujua tetemeko limetokea wapi kwa vipima vya upande mmoja tu, kama vile huwezi kujua ng'ombe analia wapi usiku ukisikiliza kwa sikio moja. Mpasuko wa Milima ya Livingstone uko kwetu, Karonga iko kwao, na mtikisiko wa upande mmoja hubomoa nyumba za upande wa pili. Mpaka ukiamuliwa leo au baada ya miaka 20, hilo halitabadilika.

Majibu yaliishia wapi

Hapa ndipo tunapoona kasoro, na tunaisema bila kumlaumu mtu mmoja.

Vipimo vimehifadhiwa Marekani, kwenye ghala la data linaloendeshwa sasa na shirika la EarthScope. Ni bure, lakini vinahitaji kompyuta kubwa, intaneti ya kasi na mtu aliyesomea kazi hiyo. Matokeo yameandikwa kwa Kiingereza kwenye majarida ya kitaalamu, na baadhi ya majarida hayo yanauza makala kwa dola. Vipima vyenyewe vilikuwa vya kuazima. Muda ulipokwisha vikafukuliwa na kurudishwa. Mwenye shamba lililochimbwa shimo akabaki na shimo lililofukiwa.

Mtu anaweza kusema utafiti haukuwa na kazi ya kujenga nyumba. Ni kweli. Mtafiti alipewa fedha ajibu fumbo la namna kingo za mabara zinavyozaliwa, akalijibu. Lakini kati ya jibu lake na ukuta wa nyumba ya Kyela kuna hatua, na hatua hizo hazijipigi zenyewe. Lazima awepo mtu wa kuzipiga, na huyo kwa kawaida ni wa nyumbani.

Inawezekana, na mifano ipo. Tangu 2004, mpango wa AfricaArray umesaidia kufunza Waafrika elimu ya matetemeko na kuacha vipima vya kudumu katika nchi kadhaa. Jirani zetu wa Malawi wamekwenda mbele zaidi. Baada ya Karonga, wataalamu wao wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Bristol cha Uingereza walikagua nyumba za vijijini, wakapima nguvu ya tofali na udongo unaotumika kweli, na ramani ya mipasuko hai ya Malawi ikatengenezwa na kuwekwa wazi. Nchi hiyo ina mwongozo wa ujenzi wa nyumba salama ulioandikwa kwa ajili ya watu wa kawaida. Yaani elimu ilitoka chini ya ziwa, ikapita chuoni, ikafika kwa fundi.

Upande wetu, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, yenye makao Dodoma, ndiyo yenye dhamana ya kufuatilia matetemeko. Wataalamu wapo. Tunachokiona kinakosekana ni njia ya kutoka Dodoma hadi kwa fundi wa Ipinda. Na tetemeko halisubiri njia hiyo. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la 5.9 lilipiga Kagera, likaua watu wasiopungua 16 na kuangusha maelfu ya nyumba, mahali ambapo wengi hawakuwa wakiwaza tetemeko kabisa. Wanasayansi wanakadiria kwamba mipasuko mirefu kama ile ya Nyasa inaweza kuleta tetemeko la zaidi ya 7. Kila namba moja inayoongezeka ni nguvu mara 30 hivi zaidi.

Nyumba ndiyo inayoua

Hakuna mtu duniani anayeweza kutabiri siku na saa ya tetemeko. Ujumbe wa WhatsApp unaosema litapiga saa tisa usiku ni uongo, hata kama umesainiwa na profesa. Ufuteni, msiusambaze.

Kinachoweza kujulikana ni wapi na kwa ukubwa gani. Hicho kinatosha kwa kujenga, kwa sababu mara nyingi kinachoua ni ukuta na paa. Nyumba zetu nyingi ni za tofali la kuchoma lililoshikwa kwa udongo. Tofali ni zito, udongo haushiki, na pembe hazijafungwa. Ukuta ukisukumwa ubavuni huanguka kama vitabu visivyo na cha kuviegemeza.

Huhitaji jumba la zege. Msingi ukae kwenye ardhi ngumu. Tofali zipishane vizuri kwenye pembe. Madirisha na milango isikae karibu na pembe, wala isiwe mikubwa kupita kiasi. Ukuta ufungwe kwa lenta inayozunguka nyumba nzima bila kukatika, iwe ya zege lenye nondo au, kwa mwenye uwezo mdogo, ya mbao imara zilizounganishwa. Paa liwe jepesi na lifungwe kwenye lenta hiyo. Ukuta ulioachia ufa kwenye pembe usipakwe tu plasta ukasahauliwa. Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta, kwenye bonde hili wangeongeza kwamba huenda usiwepo wa kuujenga.

Ardhi ikitikisika nawe uko karibu na mlango wa nyumba ya chini, toka haraka hadi uwanjani, mbali na kuta, miti na nyaya. Ukiwa ndani na mlango uko mbali, jikinge chini ya meza au kitanda imara, linda kichwa, toka mtikisiko ukikoma. Usirudi ndani upesi. Karonga ilipigwa mara nne.

Maswali ya kupeleka mkutanoni

Tunapendekeza wananchi wa wilaya za kandokando ya ziwa wapeleke mambo manne kwenye mikutano ya vijiji na kwa madiwani wao. La kwanza, halmashauri iombe GST ramani ya mipasuko inayojulikana katika wilaya, na ibandikwe ofisi ya kata kama inavyobandikwa ratiba ya chanjo. La pili, shule mpya, zahanati na mabweni visijengwe kabla ramani hiyo haijatazamwa. La tatu, mafundi wa vijiji wapewe mafunzo ya siku chache ya kufunga ukuta, na mwongozo wa Malawi uombwe na kutafsiriwa kwa Kiswahili. La nne, mtafiti yeyote atakayeomba shimo shambani mwa mtu aahidi kwa maandishi kurudi na majibu, kwa Kiswahili, mbele ya mkutano uliompokea.

Hili la mwisho halimgharimu mtafiti kitu kikubwa. Safari moja ya kurudi, karatasi mbili tatu na saa moja redioni zingetosha. Masafa yetu tunayo, na saa hiyo tuko tayari kuitoa bure.